Chupa ya gesi, chupa ya mota au pampu ya kati? Kuchagua kilainishi cha otomatiki kwa mashine za kwenye vumbi, maji na joto

Beringi ya puli ya mkia, ile ya mwisho wa konveya, ilikufa wiki ya 11. Juu yake kulikuwa na chupa ya grisi ya otomatiki, mpya, imewekwa kwa miezi 6, na ukiitazama kwa nje uliona pistoni imeshuka kwa kiasi chake. Kila aliyepita pale kwenye ukaguzi, mimi nikiwemo, aliandika "sawa". Tulipolifungua bomba la mita 3 lililotoka kwenye chupa hadi kwenye beringi, grisi mpya ilikuwa haijafika hata mita 2. Mbele yake palikuwa na hewa tupu.

Piga hesabu mwenyewe. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 hubeba karibu mililita 28 kwa kila mita, kwa hiyo mita 3 ni mililita 85. Chupa ilikuwa ya mililita 125 kwa miezi 6, yaani mililita 21 hivi kwa mwezi. Miezi minne ya kwanza ilikuwa inalisha bomba. Beringi ingeonja grisi yake ya kwanza mwanzoni mwa mwezi wa tano, wakati huo tumeshaizika.

Naanza na kisa hicho kwa sababu watu wa matengenezo wanaoniuliza wanunue kilainishi gani huanza na bei, au na chapa waliyoiona kwenye katalogi. Mimi nauliza kwanza grisi itapita njia gani mpaka ifike, na njiani itakutana na ugumu gani. Ukilijibu swali hilo vizuri, nusu ya vifaa vilivyoko sokoni vinajiondoa vyenyewe, na kulinganisha vilivyobaki kunakuwa kazi ya saa moja.

Aina nne, na kinachozisukuma

Ya springi ndiyo ya zamani kuliko zote. Unaijaza kwa bomba la grisi la mkono (lile la kupigia grisi, "grease gun") kupitia nipeli, kile kichuchu cha kuingizia grisi, springi inajibana, halafu inaisukuma pistoni polepole. Haina betri wala kemikali, na unaijaza tena na tena. Udhaifu wake ni kwamba presha huanza juu na kushuka kadiri springi inavyolegea, na kiasi kinachotoka hutegemea grisi ni laini kiasi gani na beringi ina nafasi kiasi gani. Huwezi kuipangia miezi. Kwa mashine ndogo ya kokoto ambayo fundi wake yupo hapohapo kila siku, bado naiheshimu.

Ya gesi ndiyo wengi wanayoijua. Kampuni ya Kijerumani ya perma ilianza nayo mwaka 1964, na leo ziko nyingi: perma CLASSIC, SKF LAGD, simalube ya Uswisi na nyingine. Ndani kuna kisehemu kinachozalisha gesi kwa kemikali, gesi inajaa nyuma ya pistoni, pistoni inasukuma grisi. Kwenye nyingi unazungusha kidude cha kuchagua muda kuanzia mwezi 1 hadi 12. Kwenye CLASSIC unafunga skrubu ya rangi: njano ni mwezi 1, kijani 3, nyekundu 6, kijivu 12. Presha yake ni ndogo, bar (kipimo cha presha) 4 au 5 hivi kwa nyingi. Kumbuka kwamba bomba la grisi la mkono hupita bar 400 bila shida. Beringi uliyozoea kuilazimisha kwa bomba la mkono, chupa ya gesi haitaiweza.

Ya mota ina betri, mota ndogo na gia. Hapa watu wengi hudanganyika na neno "mota" wakadhani zote zina nguvu. Siyo. perma STAR VARIO inafika bar 6 hivi, karibu sawa na ya gesi. Faida yake ni usahihi wa muda. SKF TLMR ni pampu kamili inayofika bar 30, inakubali bomba la hadi mita 5, na inakuja na chupa ya mililita 120 au 380. TLMR 101 inatumia betri nne za lithiamu za saizi ya AA, TLMR 201 inakula umeme wa volti 12 hadi 24. Ziko pia kama perma PRO zinazofika bar 25 na kuweza kugawa grisi kwa beringi hadi sita. Kwa hiyo ukisoma karatasi ya kifaa, tafuta namba ya bar kabla ya kitu kingine chochote.

Ya nne ni pampu ya kati: tangi moja, pampu moja, mabomba yanayosambaa mpaka kwenye beringi nyingi. Hii nitairudia baadaye kwa sababu ndani yake kuna uchaguzi mwingine.

| | Springi | Gesi | Mota na betri | Pampu ya kati |
|---|---|---|---|---|
| Presha | ndogo, inashuka | bar 4 hadi 5 hivi | bar 5 hadi 30, soma modeli | mamia ya bar |
| Bomba | fupi kabisa | nusu mita, si zaidi | mita chache kwa zile zenye nguvu | makumi ya mita |
| Joto la nje likipanda | grisi inalainika, inatoka haraka | inaisha mapema | muda haubadiliki sana | muda haubadiliki |
| Mashine ikisimama | inaendelea | nyingi zinaendelea | inasimama ikiunganishwa kwa waya | inasimama |
| Unajuaje imekwama | kwa macho tu | kwa macho tu | taa, kwa nyingi | swichi na kengele |
| Ikiisha | unajaza | unatupa chupa nzima, kwa nyingi | unabadili chupa na betri | unajaza tangi |

Nusu mita niliyoiandika kwa gesi ni kanuni yangu mwenyewe. Baadhi ya watengenezaji ni wakali zaidi ya hapo kwa grisi, na wana sababu.

Vumbi na joto la saruji

Chukua kiwanda cha saruji cha pwani, kama vile vya Wazo Hill, Tanga, Mtwara au Bamburi. Hapo una vumbi la klinka (mawe ya saruji yaliyotoka kwenye tanuru kabla ya kusagwa) ambalo ni gumu na kali, joto la tanuru na feni za kupozea, na hewa ya bahari yenye chumvi. Mazingira matatu mahali pamoja, na kila moja linavuta uchaguzi upande wake.

Vumbi kwanza. Ukipaka grisi kwa mkono kila baada ya wiki mbili, siku hiyo grisi inafurika nje ya sili, kisha siku 13 zinazofuata ule mkufu wa grisi unakauka, unabeba vumbi na kugeuka msasa. Grisi ya otomatiki inatoka kidogo kidogo mchana na usiku, na muda wote kunakuwa na mwendo mdogo wa kutoka ndani kwenda nje. Vumbi linasukumwa kabla halijaingia. Hiyo ndiyo faida kubwa ya vifaa hivi kwenye vumbi, kubwa kuliko kuokoa muda wa fundi.

Kutokana na hilo nina ushauri ambao wauzaji hawapendi kuutoa kwa sababu unapunguza oda: kama nyumba ya beringi ina sili ya vijia vinavyopindapinda, ile ya labirinthi, na ina nipeli yake pembeni, chupa ya kwanza iweke kwenye sili. Beringi yenyewe unaweza kuendelea kuipaka kwa mkono kwa ratiba. Nimeona puli za konveya za klinka zikibadilika kabisa kwa hatua hiyo moja, bila kugusa kitu kingine.

Joto ndilo linaloiumiza chupa ya gesi. Mwitikio wa kemikali unakwenda kasi zaidi, gesi yenyewe inapanuka, na chupa uliyoipangia miezi 6 inakwisha mapema. Mchana ikiwa juani inasukuma sana, usiku inapopoa inapumzika. SKF wenyewe wanasema kwa LAGD kwamba ikiwa hewa inayoizunguka iko kati ya nyuzi 40 na 60 muda wote, usiipangie zaidi ya miezi 6. CLASSIC kikomo chake ni nyuzi 40, na kuna sehemu za jengo la tanuru ambazo nyuzi 40 ni asubuhi. TLMR inaruhusiwa hadi 70. Hapa mota inashinda, na sioni haja ya kubishana.

Kuna jambo la pili la joto ambalo halihusu kifaa bali grisi. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni. Ukiiweka chini ya presha, kwenye joto, kwa muda mrefu, mafuta hujichuja na kutangulia, sabuni inabaki nyuma na kuganda kama nta. Bomba linaziba. Ndiyo maana mahali pa moto sikubali mpangilio wa miezi 12 kwa chupa ya aina yoyote, hata kama karatasi inaruhusu. Chupa ya mililita 60 inayobadilishwa kila miezi mitatu ni salama kuliko ya 250 inayokaa mwaka mzima ikijipika.

Na stoo yenu ikoje? Chupa hizi huja zimejazwa kiwandani. Zikikaa miaka kwenye stoo ya bati, mafuta yanaanza kujitenga kabla hazijafungwa kwenye mashine. Angalia tarehe, na zilizotangulia kuingia zitangulie kutoka.

Chumvi ya bahari haiumizi grisi, inaumiza kila kilichoishikilia: mabano, skrubu, miguso ya betri. Kwa mota ya pwani dai kinga ya IP67. Sita ya mbele maana yake vumbi halipenyi kabisa, saba maana yake inavumilia kuzama kwa muda mfupi. Mabomba yawe ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, au poliamidi. Shaba inafaa kwa kazi, lakini kwenye maeneo mengi ninayoyajua haikai, inaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Betri za AA nazo zinapendwa na wasiohusika, kwa hiyo chagua kifaa ambacho kifuniko chake hufunguka kwa kifaa maalumu, au kiwekee kisanduku. Na jua: chupa nyingi ni za plastiki angavu ili uone grisi, na plastiki hiyo huchoka ikichomwa mwaka mzima. Kipande cha mkanda chakavu wa konveya kikifungwa juu yake kama kibanda kinatosha.

Sehemu moja kiwandani haina mjadala: kinu cha makaa ya mawe. Viwanda vingi vya saruji vya Tanzania vinachoma makaa kutoka Ngaka, Ruvuma, na vumbi lake likichanganyika na hewa hulipuka. Kifaa chochote chenye umeme au kinachozalisha gesi ndani ya eneo hilo kiwe na cheti cha ATEX au IECEx (vyeti vya vifaa vya mahali penye hatari ya mlipuko) kinachotaja vumbi, si gesi pekee. Bila cheti, rudi kwenye bomba la mkono.

Mtikisiko

Chekecheo za kokoto na za madini zinatikisika kazi nzima. Chupa iliyofungwa moja kwa moja juu ya nyumba ya beringi hukatika shingoni, na grisi inabaki sakafuni. Unaihamisha basi, unaifunga kwenye nguzo iliyotulia, unaweka bomba linalonyumbulika. Sasa una bomba la mita 2 au 3, na gesi imeshatoka kwenye mashindano.

Tatizo la pili ni kiasi. Beringi ya namba 22320, ambayo utaikuta kwenye chekecheo nyingi, ina kipenyo cha nje cha milimita 215 na upana wa 73. Dozi moja ya kupaka upya hukadiriwa kwa kuzidisha kipenyo cha nje kwa upana kwa 0.005, unapata gramu 78. Chupa ya mililita 125 ina gramu 112 hivi. Hiyo ni dozi moja na nusu, kwa mashine inayotaka grisi mara kwa mara. Kwa chekecheo usihangaike na chupa ndogo. Nenda moja kwa moja kwenye pampu ya kati.

Maji na miwa

Kwenye kiwanda cha sukari adui si vumbi. Ni maji ya kuoshea, mvuke, na juisi ya miwa ambayo ina asidi na inanata. Kilombero, TPC Moshi, Mtibwa, Kagera, na ng'ambo ya mpaka kule magharibi mwa Kenya, fundi yeyote wa eneo la kusaga atakuambia grisi ya kawaida ya lithiamu inavyooshwa ikageuka maziwa. Badili grisi kwanza, chukua ya kalsiamu sulfoneti, ndipo uzungumzie kifaa.

Na hapa nitasema kinyume cha nilichosema kwenye saruji. Mahali pa maji mengi, chupa ya gesi inaishinda ya mota. Haina mlango wa betri wa kuvuja wala mota ya kulowa. simalube inaruhusiwa kufanya kazi hata chini ya maji. Kwa beringi za konveya za makapi na za kubebea miwa, ambazo bomba halihitajiki na joto ni la kawaida, gesi ni chaguo zuri na la bei nafuu.

Tatizo lake ni msimu. Kiwanda cha sukari hufungwa wakati wa masika, mashine zinafumuliwa kwa matengenezo. Chupa ya gesi ikishaanza haijizimi mashine ikisimama, na baadhi hazizimiki kabisa. Mashine imelala, grisi inaendelea kuingia, sili inajaa na kutapika, na msimu ukifunguliwa beringi inachemka kwa sababu imeshiba kupita kiasi. Kwa hiyo panga kurudi nyuma kutoka tarehe ya kufunga: chupa ya mwisho ya msimu iwekewe muda utakaoisha wiki ileile kinu kinaposimama. Ukishindwa kupanga hivyo, lipia ya mota yenye waya inayosimama na mashine.

Majanali ya rola za kinu chenyewe, yaani shingo za rola zinazozunguka kwenye bushi, ni habari nyingine. Yale yanataka mafuta mazito ya kusukumwa kwa nguvu na pampu yao. Chupa haina nafasi pale.

Ukiamua pampu ya kati

Kipimo changu ni hiki: ukiwa na beringi zaidi ya kumi ndani ya mita chache, chupa zinaanza kuwa mzigo. Kila moja ina tarehe yake, kila moja inataka macho yake. Pampu ya kati inakuwa na maana, na swali linageuka kuwa mfumo gani.

Mfumo wa mfuatano una bloku zenye pistoni ndogo ndogo. Pistoni ya kwanza isipotoa, ya pili haiendi. Ubaya na uzuri wake ni kitu kimoja: beringi moja ikiziba, zote zinasimama, na valvu ya usalama kwenye pampu inatema grisi nje. Unaona kwa macho kwamba kuna shida. Kwa kreshi (mashine za kupondea mawe), chekecheo na mashine za kuchimbia madini, ambako kujua mapema ni muhimu, huu ndio naupenda. Pampu za Lincoln Quicklub ni mfano unaoonekana sana kwenye mashine za migodini.

Mfumo wa bomba mbili una mabomba makuu mawili yanayopokezana presha, ambayo inaweza kufika bar 400. Kila kigawanyi kinajitegemea. Beringi moja ikiziba nyingine zinaendelea kula. Unavumilia umbali mrefu na beringi nyingi, na ndiyo maana unaukuta kwenye viwanda vikubwa vya chuma na saruji. Bei yake ni kubwa, na hauoneshi upesi kwamba beringi moja ina njaa isipokuwa uweke vipimo vya ziada.

Wa tatu ni wa bomba moja na injekta: pampu inajaza presha, injekta zinatema, presha inaachiwa, injekta zinajaza upya. Ni rahisi kurekebisha kila beringi peke yake. Unataka grisi laini kiasi ili presha iachie kwenye bomba refu.

Kabla ya kusaini oda ya mfumo wa kati, jiulize nani ataufungua siku ukisimama. Mfumo huu unataka fundi anayejua kusoma bloku, vifaa vya akiba stooni, na usafi wa hali ya juu wakati wa kujaza tangi. Punje moja ya mchanga iliyoingia na grisi kutoka kwenye pipa lililoachwa wazi inaweza kukwamisha bloku nzima. Kama kiwanda chenu bado kinachota grisi kwa kijiti, anzeni na hapo.

Hesabu kabla ya oda

Chukua puli yenye beringi 22220: kipenyo cha nje 180, upana 46. Mara 0.005 unapata gramu 41 kwa dozi. Tuseme ratiba yenu ya mkono, kwa vumbi lenu, ni kila saa 500. Hiyo ni gramu 0.082 kwa saa, na kwa mwezi wa saa 720 ni gramu 59. Chupa ya mililita 125 yenye gramu 112 itakaa kidogo chini ya miezi 2. Weka 2 ukianza, tazama sili kama inatoa grisi safi, na ikibaki kavu shuka hadi 1.

Zidisha sasa. Puli 20 kama hiyo, chupa mbili kwa kila puli, kila miezi 2, ni chupa 240 kwa mwaka. Hapo ndipo unapoona kwamba bei ya chupa moja si kitu cha kulinganisha. Linganisha mwaka mzima: chupa, grisi, betri, muda wa fundi, na saa ambazo konveya itasimama. Mara nyingi chupa ya mota ya mililita 380, ambayo mashine yake unabaki nayo miaka, inaanza kuonekana nafuu kuliko ya gesi unayoitupa.

Joto la beringi lenyewe nalo liingize. Kila nyuzi 15 juu ya 70, kata muda wa kupaka kwa nusu. Beringi ya feni inayokwenda nyuzi 85 inataka grisi mara mbili zaidi, na hesabu ya chupa inabadilika yote.

Ratiba ya mkono mliyonayo nayo ihakikishe. Piga bomba la grisi mara 10 kwenye karatasi juu ya mizani ugawe kwa 10. Nimekuta bomba zinazotoa chini ya gramu 1 kwa pigo na nyingine zaidi ya 2 kwenye karakana ileile, na ratiba imeandikwa "mapigo 20" kwa wote.

Mahali ambapo nisingeweka chochote

Mota za umeme nyingi. Beringi zake zinataka kidogo sana, mara nyingi ni grisi ya poliurea, na ukiingiza ya lithiamu juu yake mchanganyiko unaweza kulainika na kukimbia. Grisi ya ziada inaingia kwenye waya za koili. Kama lazima uweke chupa, hakikisha tundu la kutolea grisi ya zamani liko wazi na aina ya grisi inalingana na ya mtengenezaji wa mota.

Beringi zilizozibwa pande zote tangu kiwandani, pia. Na beringi tatu ambazo fundi anazipita kila asubuhi bila kupanda ngazi wala kuingiza mkono karibu na mkanda: bomba la mkono linatosha.

Upande wa pili, beringi iliyo nyuma ya kinga ya konveya, ambayo mtu hulazimika kuifikia mashine ikitembea kwa sababu uzalishaji haukubali kusimama, hiyo iwe ya kwanza kwenye orodha yako hata kama hesabu ya pesa haikuridhishi. Wenzetu wamepoteza vidole na mikono kwa ajili ya mapigo matano ya grisi. Hamisha sehemu ya kupakia nje ya kinga, na kama bomba litazidi nusu mita, nunua yenye bar 25 au 30 bila kujutia.

Siku ya kufunga

Ondoa nipeli, safisha tundu, paka kwa mkono kwanza mpaka grisi ya zamani iliyogeuka nyeusi ianze kutoka kwenye sili. Kama grisi mpya ni ya aina tofauti, endelea mpaka rangi ibadilike. Kisha jaza bomba lote kwa bomba la mkono kabla hujaliunganisha, mpaka grisi ichungulie upande wa pili bila mapovu. Dakika tano hizo ndizo zilizokosekana kwenye ile puli ya mkia.

Andika juu ya chupa kwa kalamu ya wino usiofutika: tarehe ya kuanza, muda uliowekwa, aina ya grisi. Chora mistari ya mwezi pembeni ili anayepita zamu ya usiku aweze kulinganisha pistoni na tarehe bila kuuliza mtu. Baada ya wiki mbili rudi, na usitazame chupa. Fungua kiungo cha mwisho, kile kinachoingia kwenye beringi, mashine ikiwa imesimama na imefungwa kufuli, uone kama grisi imejaa mpaka pale.